Saa Tatu Mbele

Waliiingiza dukani imefungwa kwenye shuka,
kama mgonjwa, kama mkate wa moto,
upepo wa Punta Arenas ukiusukuma mlango nyuma yao
hadi kengele yangu ikakatika uzi.
Don Custodio ameshika huku, Bibi Danica kule,
hakuna aliyetaka kutangulia kuachia.

"Imemfukuza," alisema mzee.
"Umenifukuza," alisema bibi.

Nikachomeka waya, nikangoja.
Skrini nyeusi. Feni ikashusha pumzi.
Duara la nukta likazunguka, kisha moja kwa moja
nyumbani kwa Custodio:
hesabu za machinjio alikostaafu,
risiti za gesi, picha ya lori aliloliuza.
Hakuna aliyeuliza, nani leo?
Yule bawabu wa herufi nyeupe
aliyekuwa akisimama sekunde kumi kati ya vyumba viwili
hayupo. Hata kiti chake hakipo.

Usiku wa Jumanne, wenyewe wamelala,
Windows ilijisasisha.
Ikahesabu asilimia, ikazima, ikawaka,
na ilipoamka ikajitangaza mtoto wa pekee.
Upande wa pili wa diski, kwenye Linux ya bibi,
miaka sita ya sauti za ndege:
mnandi wa mlango-bahari, bata bukini,
gongonola mwenye kichwa chekundu akitoboa msitu.
Wote wazima. Wote gizani.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, husemwa.
Mimi nimewaona wakikaa. Wanachogombea
si majani. Ni lango.

Nikabonyeza F2, nikachelewa.
Nikabonyeza tena, mapema mno.
Mara ya tatu nikaigonga bila kukoma,
kama anayemdai jirani aliyezima taa.
Ikafunguka. Nikachomeka flashi.

"Usifute kitu."
"Sifuti."
"Wa kabla yako alisema hivyohivyo."

Diski ikagoma. Upande wa Custodio haukuwa umezimwa kweli:
ulijilaza tu ili uamke haraka,
jicho moja wazi, funguo chini ya mto.
Bibi akacheka, mara ya kwanza tangu aingie.
"Ndivyo anavyolala.
Gusa redio uone. Atakuuliza mbona umeizima."

Ikabidi nirudi, niuzime uzimike.
Kisha amri, herufi kwa herufi,
kisha kosa, nyekundu, na kosa lilikuwa langu:
nilikuwa najenga lango kwenye kipande kisicho na ukuta.
Dakika arobaini. Birika likaimba, likanyamaza.
Custodio akamimina mate, akampa mkewe kwanza
bila kumtazama.

Orodha ikarudi. Mistari miwili.
Wakaisoma kwa sauti, wote wawili, kila mmoja wake.

Nilidhani tumemaliza.
Bibi akaingia kwake, akasikiliza gongonola, akatoka.
Mzee akaingia kwake: saa imeruka saa tatu mbele.
Mmoja huiandika saa ya Greenwich na kuipunguza moyoni,
mwingine huisoma kama ilivyo na kuiamini.
Kila anayetoka humwachia mwenzake uongo
alioununua kwa nia njema.

"Yangu ndiyo sahihi," alisema mzee.
Bibi akatazama dirishani, atafute shahidi.
Lakini Juni hapa jua huchomoza saa nne asubuhi
na saa kumi na moja na nusu limeshaondoka;
halimsaidii mtu kesi.

Nikaandika mstari mmoja, upande mmoja.
Hawakuuliza upi, nami sikusema.

Walipoinyanyua tena, huku na kule,
shuka wameisahau juu ya kiti changu,
sikuwaambia na jambo jingine:
zile sekunde kumi za bawabu
nimezifanya thelathini,
wapate nafasi ya kubishana.